Kanali Higginson na Kitabu Chake cha Askari Weusi

Vitabu vya vita ni vingi, na vilivyo vingi vyafanana. Mkubwa wa jeshi akiisha kuacha kazi huketi akaandika habari za mapigano aliyoyashinda. Adui zake huwasifu kwa ushujaa, ili ushindi wake mwenyewe uonekane mkubwa. Na askari wake huwataja kwa hesabu tu, waliokufa kadha, waliojeruhiwa kadha. Kitabu ninachotaka kukipima hapa si cha namna hiyo. Mwandishi wake ni Thomas Wentworth Higginson, aliyekuwa Kanali katika jeshi la Umoja huko Marekani, nacho kilipigwa chapa mwaka 1870 kwa jina la Army Life in a Black Regiment, maana yake, Maisha ya Jeshini katika Kikosi cha Watu Weusi. Mapigano yamo, lakini ni machache na madogo. Kilichojaa humo ni sauti za watu: maombi yao ya jioni, mizaha yao, nyimbo zao, madai yao. Ni kitabu kizuri, nacho kina kasoro. Na kasoro yake haikai mbali na uzuri wake.

Msomaji asiyejua habari za vita vile na afahamu haya machache. Mwaka 1861 majimbo ya Kusini, yaliyoshika utumwa, yalijitenga na serikali ya Marekani. Majimbo ya Kaskazini yakapigana nayo ili nchi isigawanyike, na kwa hiyo upande wao ukaitwa upande wa Umoja. Vita vilidumu miaka minne. Hapo kwanza serikali haikutaka kuwapa watu weusi bunduki. Baadaye ikawapa, na hata vita vilipokwisha hesabu ya askari weusi walioandikwa ilikuwa imefika 178,975. Kikosi cha Higginson, kilichoitwa First South Carolina Volunteers, kilikuwa miongoni mwa vile vya kwanza kabisa, nacho kilikuwa cha watu waliotoka utumwani, wengi wao miezi michache tu kabla ya kuvaa nguo za askari.

Na huyo aliyewekwa kuwa mkubwa wao alikuwa mtu gani? Alizaliwa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1823, katika ukoo wa watu wenye elimu na jina. Aliingia chuo cha Harvard angali kijana wa miaka 13. Mwaka 1847 akawa mchungaji wa kanisa katika mji wa Newburyport, mji wa merikebu na wa viwanda vya pamba, na pamba yenyewe, kama ijulikanavyo, ililimwa Kusini kwa mikono ya watumwa. Mchungaji kijana akahubiri juu ya dhambi ya utumwa Jumapili hata Jumapili, mpaka wenye viti vya mbele wakachoka naye, na baada ya miaka miwili hakuwa na kanisa tena.

Akaenda mji wa Worcester, kwa watu waliokuwa tayari kumsikia. Alipokuwa huko, mtu mmoja jina lake Anthony Burns, aliyeukimbia utumwa wa Virginia, alikamatwa Boston kwa sheria ya mwaka 1850 iliyoamuru watoro warudishwe kwa mabwana zao. Usiku wa tarehe 26 Mei 1854 Higginson alikuwa mbele ya watu waliouvunja mlango wa nyumba ya hukumu kwa gogo ili wamtoe. Akapigwa kidevuni, na kovu lake akawa nalo maisha yake yote, mlinzi mmoja akauawa, Burns hakutoka. Akarudishwa Virginia katikati ya askari wenye silaha. Miaka mitano baadaye Higginson alikuwa mmoja wa watu sita waliompa John Brown fedha kwa siri, ili awaondokeshe watumwa wa Virginia kwa nguvu. Brown aliposhindwa huko Harpers Ferry, akahukumiwa kunyongwa, baadhi ya hao sita walikimbilia Kanada. Higginson alikaa Worcester, asikimbie wala kukana neno.

Mtu mwenye habari kama hizi nyuma yake, akiandika kitabu, twatazamia atajifanya shujaa wa kila ukurasa. Higginson hakufanya hivyo, ila mara chache. Iko sura moja ya namna alivyoogelea usiku peke yake kwenda kupeleleza pwani ya adui, na njiani akapotea gizani. Sura hiyo yapendeza kusomwa, lakini ni ya kujionyesha kidogo, nami naipita.

Mwezi wa Novemba 1862, Jenerali Rufus Saxton alimwandikia barua akimwomba awe Kanali wa kikosi kipya. Wakati ule Higginson alikuwa kapteni katika kikosi cha watu weupe. Akakubali, akashuka kwa meli mpaka visiwa vya South Carolina, karibu na mji wa Beaufort, penye kambi iliyopigwa katika shamba la bwana mmoja aliyekimbia. Huko akaanza kuandika kila siku yale aliyoyaona, na daftari hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kitabu, nayo haikupoa hata leo.

Tazameni jinsi anavyoeleza siku ya tarehe 1 Januari 1863, siku ambayo tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilianza kuwa na nguvu. Watu walikusanyika chini ya miti mikubwa kambini, ng'ombe wakachomwa, tangazo likasomwa na mtu wa South Carolina ambaye zamani alikuwa amewafungua watumwa wake mwenyewe. Kisha Kanali akapokea bendera. Alipokuwa anaitikisa, kabla hajasema neno, mzee mmoja mweusi aliyesimama karibu akaanza kuimba, kwa sauti nene yenye mikwaruzo, wimbo wa nchi ya Marekani, ule ambao mwimbaji huiita nchi kuwa yake. Wanawake wawili wakamfuata, kisha wengine. Wageni weupe waliokuwa jukwaani wakataka kuimba nao. Higginson akawanyamazisha. Aliona kwamba wimbo ule siku ile si wao. Mtu mwingine angeiandika siku hiyo kwa hotuba yake mwenyewe, maana hotuba alikuwa nayo tayari. Yeye akasema wazi kwamba hotuba zote zilikuwa bure baada ya sauti ile.

Kunyamaza huku ndiko kulikomfanya mwandishi. Katika sura ya nyimbo, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote, aeleza jinsi alivyozikusanya. Jioni askari walipoota moto na kuimba kwa kupiga makofi, yeye alikuwa akitembea gizani, akasimama nyuma yao, akaandika maneno kadiri alivyoweza bila taa, pengine mkono umo mfukoni, ili waimbaji wasione haya wakaacha. Kisha akaenda hemani mwake na karatasi yake. Akikosa neno, alikuwa akimwuliza mmoja wa askari wake, Koplo Robert Sutton au mwingine, mpaka amelipata. Na maneno aliyaandika kama yalivyotamkwa visiwani, hakuyageuza kuwa Kiingereza cha shuleni. Nyimbo hizo zilitoka kwanza katika gazeti la Atlantic Monthly mwaka 1867, zaidi ya thelathini, nazo ni miongoni mwa nyimbo za roho za watumwa zilizotangulia kupigwa chapa kwa uangalifu.

Hakuridhika na kuandika tu. Alitaka kujua nyimbo huzaliwaje. Akamwuliza mvuta makasia mmoja, naye akamjibu kwamba siku moja walipotumwa kuchukua mpunga alitoa neno la kumdhihaki msimamizi, mwenzake akaongeza neno, yeye akaimba tena, na wengine wakaingia na kiitikio kana kwamba ni wimbo wa zamani. Yeyote aliyepata kutwanga au kuvuta kamba pamoja na wenzake atacheka, maana anajua ya kuwa ndivyo. Lakini wataalamu wa Boston wakati ule hawakujua. Tena aeleza kwamba vita vilipoanza, watu weusi wa mji wa Georgetown walitiwa gerezani kwa kuimba wimbo mmoja wa dini uliosema kwamba watakuwa huru karibu. Kijana mpiga ngoma alimfumbulia Kanali sababu: mabwana walidhani kwamba Bwana atajwaye katika wimbo ule ni jeshi la Kaskazini. Higginson aacha habari hiyo hapo, hakuongeza neno, nasi tunabaki tukijiuliza kama mabwana wale walikosea.

Kwa uchache huo huo wa maneno aeleza safari ya mto St. Marys, mpakani mwa Georgia na Florida, mwanzo wa mwaka 1863. Kiongozi wa safari alikuwa Robert Sutton yule yule, ambaye zamani alikuwa mtumwa huko huko mtoni, akijua kila kona ya maji. Wakafika kwenye nyumba ya bibi aliyekuwa akimmiliki. Higginson akamjulisha bibi kwa Koplo Sutton, kwa adabu zote, kama mtu ajulishavyo wageni sebuleni; bibi akajibu kwamba wao walizoea kumwita kwa jina fupi tu. Kisha koplo akampeleka Kanali nyuma ya nyumba, akamwonyesha gereza la watumwa, na minyororo yake, na mbao za kufungia miguu. Higginson akachukua minyororo na funguo kwenda nazo. Hakuna hotuba. Nadhani ukurasa huu wawatosha wanaotaka kujifunza namna ya kuandika juu ya uovu.

Lakini sasa nifike penye kasoro. Katika kitabu chote Higginson anawapenda askari wake, na mara nyingi anawapenda kama mtu mzima apendavyo watoto. Huwasifu kwa utii, kwa furaha, kwa upole. Huwaita kwa majina ya utotoni. Hucheka walipokosea neno, na kicheko chake hakina chuki, walakini ni kicheko cha mtu aliyeketi juu. Watu hao, wengine wao walikuwa na mvi. Wengine walikuwa wametoroka usiku kwa mtumbwi, wakiwa na wake na watoto, wakipita mbele ya bunduki za walinzi. Mwenyewe aeleza mambo hayo, kisha katika ukurasa unaofuata husahau, akarudi kuwaita watoto.

Mfano mmoja mdogo waonyesha zaidi kuliko maneno mengi. Askari hao walipoandikwa kwanza walipewa suruali nyekundu. Higginson, siku ile aliyofika, alizichukia mara moja, akaandika kwa mzaha jinsi rangi ile ilivyomchoma macho. Hayo ni macho ya Kanali. Sasa kuna kitabu kingine, kilichoandikwa na mtu aliyefua nguo katika kikosi hicho hicho, naye asema kwamba askari wenyewe hawakuzipenda kabisa nguo zile nyekundu, kwa sababu adui aliweza kuwaona toka maili nyingi. Mmoja aliona rangi isiyopendeza; mwingine alisikia sababu ya watu ambao risasi zingewapata.

Mfua nguo huyo ni Susie King Taylor, nasi hatuwezi kukipima kitabu cha Higginson kwa haki bila kukiweka kando ya chake. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1848. Alipokuwa mtoto mjini Savannah, ambako kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa, alikwenda kila siku kwa mjane mmoja mweusi aliyekuwa huru, Bibi Woodhouse, naye na wenzake walivifunga vitabu vyao katika karatasi ili mzungu yeyote njiani asivione. Mwaka 1862, alipokuwa na miaka 13, alikimbia na ndugu za mama yake mpaka visiwa vilivyoshikwa na jeshi la Umoja, na huko kisiwa cha St. Simons akafanywa mwalimu wa watoto wapata arobaini, na usiku wakaja watu wazima. Akaolewa na Sajini Edward King wa kikosi cha Higginson. Aliandikwa kuwa dobi, lakini kazi yake ilikuwa zaidi ya hiyo: aliwafundisha askari kusoma na kuandika walipokuwa hawana zamu, akasafisha bunduki, akawauguza waliojeruhiwa, hata askari mmoja mwenye ndui ambaye wengine waliogopa kumkaribia. Asema kwamba alitumika miaka minne na zaidi bila kupokea dola moja.

Kitabu chake, Reminiscences of My Life in Camp, kilitoka Boston mwaka 1902. Ni kidogo, hakina mapambo, na mara nyingine chapita mbio mahali ambapo tungependa akae. Lakini katika jambo la mshahara, vitabu hivi viwili vyakutana, na kila kimoja chaeleza kile ambacho mwenziwe hakukiona.

Serikali ilipowaandika askari hao iliahidi kwa barua mshahara ulio sawa na wa askari weupe, yaani dola 13 kwa mwezi. Mwaka 1863 ikageuza neno: watapata dola 10, na katika hizo 3 zitakatwa kwa ajili ya nguo. Mkononi zikabaki 7. Wengi wakakataa kuzigusa. Walisema ni heri kuitumikia nchi bure kuliko kupokea fedha iliyowapunguza. Katika kikosi jirani, Third South Carolina, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake wakaziweka bunduki zao chini mbele ya hema la mkubwa wao, kwa sababu agano limevunjwa. Akahukumiwa kuwa mwasi, akapigwa risasi mapema mwaka 1864. Mwaka huo Bunge liliwatimizia haki wale waliokuwa huru kabla ya vita, likawaacha waliokuwa watumwa, na hao wa South Carolina wakangoja mpaka Machi 1865.

Higginson aliandika barua baada ya barua kwa magazeti na kwa wakubwa wa Bunge, na barua hizo amezitia mwisho wa kitabu chake, ambapo msomaji mvivu haziangalii. Asiziruke. Humo sauti ya kuwafanya askari watoto haisikiki tena. Humo kuna watu waliofanya mkataba na serikali, wakatimiza upande wao, na serikali haikutimiza wake. Na Kanali anaandika kwa hasira safi ya mtu aliyeuona mkataba ukivunjwa. Taylor, kwa upande wake, atwambia waliishije miezi ile: wake za askari walifua nguo za maofisa, wakaoka mikate na maandazi wakawauzia askari kambini, wapate kuwalisha watoto. Barua za Kanali hazitaji maandazi. Lakini ni maandazi yaliyowawezesha waume kukataa zile dola 7.

Higginson mwenyewe aliumia ubavuni mwezi wa Julai 1863 katika mapigano ya mto Edisto, afya ikamharibikia, na mwaka uliofuata akarudi Kaskazini. Kikosi kiliendelea bila yeye mpaka Februari 1866. Yeye akakaa Newport, kisha Cambridge alikozaliwa, akawa mtu wa kalamu. Maisha yake ya baada ya vita yalikuwa marefu, miaka arobaini na sita, na humo kuna mambo mawili yanayotusaidia kukipima kitabu.

La kwanza ni habari ya mshairi mmoja. Aprili 1862, kabla hajaenda kwa askari weusi, Higginson alipata barua kutoka mji mdogo wa Amherst, na ndani yake mashairi manne. Mwandishi alikuwa mwanamke asiyejulikana na mtu, Emily Dickinson, aliyetaka kujua kama mashairi yake yana uhai. Higginson aliona ndani yake nguvu ya ajabu, lakini mwendo wake ulimshangaza: vina havikukaa, mistari ilikatika penye vistari vingi. Akamshauri asifanye haraka kuyachapisha. Waliandikiana zaidi ya miaka ishirini, naye akaenda kumwona mara mbili. Bibi huyo alimwambia katika barua kwamba alikuwa ameyaokoa maisha yake bila kujua. Alipokwisha kufa mwaka 1886, yakaonekana mashairi mengi sana katika chumba chake, na mwaka 1890 Higginson na mwenzake Mabel Loomis Todd wakatoa kitabu cha kwanza. Lakini waliyatengeneza. Waliyapa majina ambayo hayakuwa nayo, wakageuza maneno hapa na pale ili vina vipatane, wakaondoa vile vistari. Kitabu kilipendwa, kikachapwa mara nyingi. Walakini mashairi yenyewe hayakutolewa yote kama alivyoyaandika mpaka mwaka 1955.

Sisi walimu, ambao mikono yetu imezoea wino mwekundu, tusiwe wepesi kumhukumu. Pasipo yeye na Bibi Todd, huenda karatasi zile zingeliwa na mende. Lakini swali lipo: kwa nini mtu huyu aliyeacha kila irabu ya askari wake mahali pake, asiiguse, aliyasahihisha mashairi ya bibi msomi wa nchi yake? Mtu aweza kujibu kwamba aliwaheshimu askari zaidi. Napenda jibu hilo, lakini siliamini lote. Higginson alikuwa mpenda mimea, na katika sura ya nyimbo azifananisha nyimbo na mimea ambayo zamani aliiona imekaushwa katika nyumba za ukumbusho, na sasa anaichuma inapoota. Mfano ni mzuri, na humo mna hatari. Mmea hausahihishwi, lakini mmea hauulizwi jina la mtungaji pia. Angalieni: katika nyimbo zile zote, majina ya waliozitunga hayamo, na waimbaji waliotajwa ni wachache. Mvuta makasia aliyeeleza jinsi alivyotunga hana jina. Mashairi ya Bibi Dickinson aliyasahihisha kwa sababu alimhesabu kuwa mwandishi, mtu ambaye kitabu chake kitaingia sebuleni na kuhukumiwa. Hivyo nyimbo ziliokoka kwa sehemu kwa sababu hakuwahesabu wenyewe kuwa waandishi. Ni jambo la kusikitisha kulisema juu ya sura iliyo bora hivi, lakini liko.

Jambo la pili ni safari yake ya mwaka 1878. Alirudi Virginia, South Carolina na Florida kuona mahali pa vita, akaandika makala katika gazeti lile lile la Atlantic Monthly. Aliwakuta askari wake wa zamani wana vishamba na nyumba zao, akafurahi, akaandika kwa utulivu kwamba mambo yaenda vema kuliko alivyotazamia. Makala ile imeandikwa kwa ustadi, lakini aliyeiandika alitazama mapaa na mashamba. Hakusimama gizani nyuma ya moto wa watu. Mwaka mmoja tu nyuma serikali ilikuwa imeondoa askari wake waliowalinda watu weusi wa South Carolina. Na miaka miwili nyuma, mwezi wa Julai 1876, katika mji wa Hamburg wa jimbo hilo hilo, watu weupe wenye silaha waliwaua askari weusi wa jimbo, wengine baada ya kuwakamata. Mwamuzi wa mji ule alikuwa Prince Rivers.

Aliyesoma kitabu cha 1870 analijua jina hilo. Rivers alikuwa sajini mbeba bendera wa kikosi, mtu mrefu, mwenye amri, ambaye Higginson alimsifu kuliko wote, hata akasema kwamba kama watu weusi wa South Carolina wangejiwekea ufalme, mfalme angekuwa yeye. Kabla ya vita alikuwa mtumwa, mwendesha gari la farasi la bwana wake. Baada ya vita aliketi katika mkutano wa 1868 uliotunga katiba ya jimbo, akawa mjumbe katika baraza la sheria, akawa mwamuzi. Utawala ule ulipoangushwa akarudi kuendesha gari la farasi, akafa mwaka 1887. Mwaka 1895 jimbo lilitunga katiba nyingine, iliyowanyima watu weusi wengi kura zao. Kitabu cha Higginson chatupa Rivers wa miaka miwili, akiwa na bendera mkononi. Maisha yake yaliyobaki hayamo, na hata yule aliyempenda hakuyaandika kwa kadiri ile ile.

Mwaka 1901 Susie King Taylor alimletea Kanali wake wa zamani kitabu chake, ambacho alikuwa amekitabaruku kwa jina lake. Higginson alikuwa mzee wa karibu miaka 78. Akaandika dibaji fupi. Humo asema wazi kwamba kikosi hicho yeye alikieleza kwa upande mwingine kabisa. Kwamba habari za askari weusi hazijaelezwa kamwe kwa macho ya mwanamke. Na kwamba kitabu hakukigusa, ila makosa machache ya majina ya watu. Baada ya mashairi ya 1890, neno hilo la kutokigusa lina uzito. Safari hii alimhesabu kuwa mwandishi, na bado akamwacha aseme.

Na Taylor alisema mambo ambayo makala ya 1878 haikuyasema. Sura za mwisho za kitabu chake hazihusu kambi tena. Aeleza jinsi mwaka 1898 alivyoitwa kutoka Boston kwenda Shreveport, Louisiana, ambako mwanawe alikuwa mgonjwa sana. Katika nchi ya Kusini alipandishwa behewa lililotengwa kwa watu weusi. Alitaka kumrudisha mwanawe nyumbani, lakini hakuruhusiwa kumnunulia kitanda katika gari la kulala, na mgonjwa hakuweza kusafiri ameketi. Akafa kule kule. Auliza kama vita vilipiganwa bure, na ajibu polepole, bila kupaza sauti, kwa maneno ya mtu ambaye bado anaikumbuka bendera ile ya 1 Januari 1863.

Mtu akivipata vitabu hivi viwili, nashauri aanze na sura ya nyimbo ya Higginson, kisha zile barua za mwisho juu ya mshahara, ndipo arudi kwenye daftari ya kambi. Cha Taylor asome chote. Ni kifupi, kinakwisha kwa siku mbili jioni.